Matundu mia mbili kwenye boksi la nyoka: tulikosea wapi

Kisa hiki kilitokea Saint Paul, Minnesota, nyumbani kwa dada yangu, na mie mwenyewe nilikuwa na mkono ndani yake kwa hiyo msidhani naandika kama hakimu. Mpwa wangu wa miaka 14 alisumbua mwaka mzima anataka kufuga nyoka, dada akakataa, akakataa tena, mwisho matokeo ya shule yakaja mazuri na ahadi ikawa imemfunga mdomo. Tukampigia bibi yake Tanga kwa video tumuonyeshe, bibi akatazama, akanyamaza kidogo, akasema "Wenzenu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nyie mmemlipia na pesa?" halafu akaomba simu apewe mtu mwingine azungumze naye mambo ya maana.

Nyoka mwenyewe ni yule wanaomwita nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, mwenyeji wa kusini mashariki mwa Marekani. Hana sumu, mpole, rangi ya chungwa yenye mabaka mekundu. Jina wengine wanasema limetokana na kukutwa kwenye maghala ya mahindi akifuata panya, wengine wanasema ni tumbo lake, maana ukimgeuza chini ana miraba myeusi na myeupe kama gunzi la mahindi ya rangi rangi. Huyu wetu tulimnunua mwezi wa kumi kwenye maonyesho ya wafugaji, alikuwa na sentimita kama 35, mwembamba kama penseli, akaja kwenye kikopo cha plastiki kile cha kuwekea saladi chenye vitundu pembeni. Kikopo kile nilikiona kwa macho yangu, vitundu vyake vilikuwa pembeni sio kwenye mfuniko, na bado sikujifunza kitu.

Boksi la kwanza tulilitengeneza mie na dogo jumapili moja. Boksi la plastiki la lita 6, lile la kuwekea viatu, lenye mfuniko wa kubana. Ushauri tuliousikia kila mahali ni kwamba kwa kanyoka kadogo boksi dogo ni bora kuliko tangi kubwa la kioo, anajisikia salama na joto linashikika vizuri, na hilo sina ugomvi nalo. Tukachukua drili, biti ya milimita 3, tukatoboa matundu 12 kwenye mfuniko. Kwa nini 12? Sijui. Yalionekana yanatosha, safu tatu za nne nne, yamepangika kama kete. Chini tukaweka maranda ya mti wa aspen (jamani maranda ya mwerezi msithubutu, yale mafuta yake yenye harufu yanawadhuru), bakuli la maji, kikopo cha kujifichia, na chini ya boksi upande mmoja kale kamkeka ka umeme ka kutoa joto, kanafunika theluthi moja ya sakafu, kameunganishwa na themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto lisizidi nyuzi 30. Themostati sio pambo, kamkeka kasiko nayo kanaweza kupanda mpaka kumuunguza mnyama tumbo, hapo angalau hatukubahatisha.

Sasa dada, kwa woga wake, kila usiku kabla ya kulala alikuwa anapita chumbani kwa mtoto anaweka kamusi na kitabu cha hesabu juu ya mfuniko. Nyoka asifungue. Hatukujua hilo mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Kilichotushtua kwanza ni harufu. Harufu ya ghala lililonyeshewa, ule uvundo wa unga ulioshika maji. Nikafungua boksi nikakuta kuta za ndani zinatoa jasho, matone yamejipanga pembeni yanateremka, na maranda ya upande wa baridi yameota ukungu mweupe kama pamba. Nikamwinua nyoka nikamgeuza tumbo. Magamba matatu au manne karibu na katikati yalikuwa yamevimba, yana kitu kama lengelenge dogo lenye maji ndani, na pembeni yake rangi imegeuka kahawia. Dogo akaniuliza "Mjomba, anaumwa?" nikamwambia vaa koti.

Daktari wa wanyama wasio wa kawaida alituambia ndio mwanzo wa ugonjwa wa ngozi unaotokana na kulala kwenye unyevu, ukiachwa bakteria wanaingia ndani na nyoka anakufa kabisa. Akamsikiliza kifua, akamchungulia pua na mdomo kama kuna povu au ute, hakukuwa na kitu, akasema mna bahati. Nyoka hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu unaotusaidia sisi kukohoa, kwa hiyo ute ukishajaa ndani hawezi kuutoa kama wewe unavyokohoa asubuhi ukasikia nafuu, unakaa humo humo. Akatupa dawa ya kupaka, akasema toeni maranda yote wekeni karatasi nyeupe za jikoni, mzibadilishe kila siku, na hilo boksi likauke. Hayo maneno mawili ya mwisho ndio yalituletea balaa la pili, maana tulielewa "likauke" kwa namna yetu.

Kabla sijafika huko ngoja niseme nilichokielewa baadaye kabisa, maana ndio kiini cha kisa. Watu wengi, na mie nikiwemo, tunadhani matundu kwenye boksi la mnyama ni ya yeye kupata pumzi. Unamwekea mjusi au nyoka kwenye boksi unajiuliza atapumua vipi, unatoboa matundu machache roho yako inatulia. Kwa nyoka mdogo pumzi sio tatizo kabisa. Ni mnyama wa damu baridi, hachomi chakula kujipasha joto kama sisi, hewa anayoitumia ni ndogo mno, na mfuniko kila mara unafunguliwa, anapata ya kutosha. Matundu ni ya jasho. Ni ya kuutoa mvuke unaotoka kwenye bakuli la maji, kwenye mkojo, kwenye kinyesi, ili usikae humo ukageuka ukungu. Ukilielewa hilo unaacha kuuliza "matundu mangapi yatamtosha" unaanza kuuliza maji yanaingia wapi kwenye ile hewa na yanatokea wapi.

Kwenye boksi letu la kwanza maji yalikuwa yanaingia kwa fujo, maana bakuli tuliliweka upande wa joto, juu ya kamkeka kabisa. Tukawa tunachemsha chai polepole. Halafu hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko ya baridi, mita moja ya ujazo yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji, ikishuka mpaka nyuzi 20 uwezo wake ni gramu 17 tu. Maana yake ile hewa iliyojaa mvuke upande wa joto ikienda kugusa ukuta wa upande wa pili, chumba chenyewe cha Minnesota mwezi wa kumi na mbili na boksi limesogezwa karibu na dirisha, inatema yale maji palepale. Ndio yale matone. Ndio maana ukungu uliota upande wa baridi wakati bakuli liko upande wa moto, kitu kilichonisumbua akili siku mbili nzima.

Na kutoka je? Matundu 12 ya milimita 3, ukipiga hesabu eneo lake lote ni milimita za mraba 85, yaani hayafiki hata sentimita moja ya mraba, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Juu yake kamusi. Lakini hata bila kamusi, na hapa ndio mafundi wa matundu wengi wanateleza, yote yalikuwa juu. Nyie mliokulia na jiko la mkaa mnajua hili bila kufundishwa. Jiko lina mlango chini, hewa inaingia pale, inapita kwenye mkaa, inatokea juu. Ziba ule mlango wa chini uone kama mkaa utawaka vizuri, sehemu ya juu iko wazi kabisa yote lakini moto unafifia. Au chumba cha kupanga chenye dirisha moja, utafungua dirisha lote usiku kucha na bado unaamka shuka limelowa, mwenzako mwenye vidirisha viwili vidogo vinavyotazamana analala kama mfalme. Boksi letu lilikuwa chumba cha dirisha moja, na dirisha lenyewe liko darini.

Haya, balaa la pili. Tumerudi kutoka kwa daktari, dogo ameambiwa likauke, ana uchungu na nyoka wake, mie nimeondoka kwenda kazini. Akachukua kile chuma cha moto cha umeme wanachotumia mafundi redio kuunganishia waya, cha baba yake, akakaa nacho mlangoni gereji akatoboa. Nilipoliona boksi nilifikiri limeliwa na panya. Nilihesabu mpaka mia mbili nikaacha. Mfuniko themanini na zaidi, kila ukuta thelathini, mengine duara, mengine yai, mengine yamekutana mawili yakawa shimo moja refu.

Sikumgombeza maana kwa akili ya kawaida alichofanya kina mantiki, kitu kinaloa unakipa hewa. Ila piga hesabu na hapa. Tundu la milimita 5 lina eneo la karibu 20, mara mia mbili inakaribia 4,000, yaani sentimita za mraba 39 na ushee. Kutoka chini ya moja mpaka 39. Watu hawajui hili la tundu kukua, ukiongeza kipenyo mara mbili eneo linaongezeka mara nne, tundu moja la milimita 6 ni sawa na manne ya milimita 3, kwa hiyo mtu anayebadilisha biti kwa sababu "hii ndio iliyokuwepo" anakuwa amebadilisha kila kitu.

Na chumba cha Minnesota mwezi wa kwanza sio chumba cha Tanga. Nje kuna barafu, ndani hita inawaka usiku na mchana, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Kipima unyevu cha chumbani kilisoma asilimia 22. Boksi lenye matundu mia mbili sio boksi tena, ni wavu, hali ya ndani ikawa sawa na ya chumbani, tulisoma 25 wakati nyoka huyu anataka kama 40 mpaka 60. Joto nalo likawa halikai, themostati haipumziki, kamkeka kanawaka muda wote na upande wa joto haufiki 27.

Wiki ya tatu akaanza kujivua gamba. (Sio lile la kampeni ya chama cha CCM la 2011, hili lake ni la kweli.) Nyoka mzima akijivua ngozi inatoka nzima, kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia, ndani nje kama soksi, hata vile vifuniko vya macho vinatoka nayo kama vioo viwili vya saa. Huyu wetu ilitoka vipande vipande, kama mtu aliyeungua jua Zanzibar, kipande kimebaki shingoni, kingine kimeubana mkia kama pete, na jicho la kushoto limebaki na utando wa zamani, la kijivu, anakutazama na jicho moja. Akawa anajisugua pua kutafuta pa kushikia ngozi, na pa kushikia palikuwepo pengi mno, maana yale matundu ya moto yana kingo zilizoyeyuka zikaganda na miba midogo kuelekea ndani. Gamba la mbele ya pua likachubuka likatoa damu kidogo.

Usiku wa pili akatoka. Alipita kwenye lile tundu la yai, mahali matundu mawili yalipokutana. Kanuni ni kwamba kichwa kikipita mwili wote unapita, na shimo lile refu lilikuwa milimita 9 au 10, kichwa chake hakifiki hapo. Dada alikwenda kulala kwa rafiki yake. Siku mbili. Sitanii. Tulimpata nyuma ya friji, pale chini kwenye mota panapotoa joto, amejikunja kama bangili, ana vumbi mwili mzima na yule mnyama mpole akaning'ata kidole kwa hasira, na sikumlaumu.

Hapo ndio nikakaa chini kama mtu mzima. Kwanza nikataka kuona hewa inavyokwenda, sio kubuni. Nikanunua boksi jipya, nikachukua na lile lile la matundu mia mbili, na nikatengeneza la tatu la majaribio lenye matundu ya juu tu kama lile la kwanza. Yote matupu, nyoka yuko chumba kingine kwenye kikopo chake cha muda, maana ninachokieleza hapa sio cha kumfanyia mnyama akiwa ndani, mapafu yao hayapendi moshi. Nikaweka kamkeka, nikasubiri saa nzima lipate moto, nikawasha kijiti cha udi. Dada alikuwa nacho, na nyumba ikanukia ikawa kama harusi.

Kwenye boksi la matundu ya juu nilisogeza udi karibu na mfuniko, moshi ukacheza cheza pale pale, kidogo unaingia kwenye tundu hili kidogo unarudi, hauna mwelekeo. Nikapenyeza moshi ndani nikafunga, dakika tano baadaye ulikuwa bado umetanda chini kama ukungu wa Lushoto. La matundu mia mbili moshi ulipotea kabla sijahesabu kumi. Halafu nikatoboa boksi jipya kama jiko, safu ya chini upande wa baridi, safu ya juu upande wa joto, mfuniko sikuugusa. Nikasogeza udi kwenye matundu ya chini. Moshi ukapinda. Uzi mwembamba wa moshi uliokuwa unapanda wima uliinama ukaingia kwenye tundu kama mtu anayeinama kuingia kwenye kibanda, na baada ya muda upande wa pili juu ukaanza kutoka taratibu, huku hakuna feni wala dirisha wazi. Dogo aliomba nirudie mara tatu.

Namna ya kutoboa lile boksi jipya naieleza kwa kirefu maana hapa ndipo plastiki nyingi zinapasukia. Kwanza geuza boksi uangalie ile pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, laini kidogo, inakubali drili. Namba 6 ni ile inayong'aa kama kioo na ukiibonyeza inalia, hiyo ikipata biti kali inapasuka ufa mpaka ukingoni, sijawahi kushinda nayo. Pili, boksi lisiwe la baridi. Tulilileta kutoka kwenye buti la gari likiwa kama barafu, nikaliacha sebuleni usiku mzima, plastiki ya baridi ni kama biskuti.

Nikabandika tepu ya karatasi mahali pa kutoboa, ndani na nje, nikaweka alama kwa rula kila sentimita 2, chini nikaanzia sentimita 4 kutoka sakafuni ili maranda yasizibe. Nje ya boksi nikaegemeza kipande cha mbao kikabanwa vizuri, nikatoboa kutokea ndani kwenda nje, sababu upande biti inapotokea ndio unaobaki na miba, na miba bora ikae nje. Biti ya milimita 2 kwanza, halafu ya 4. Drili polepole, bila kukandamiza, na pale mwanzoni kabisa nilikuwa naizungusha kinyume, ile rivasi, inakwangua plastiki badala ya kuing'ata na hainyanyui vipande. Ukisikia mkono wako unasukuma acha, upumzike, plastiki ikipata moto inanata kwenye biti na tundu linakuwa na ukingo mnene.

Nikimaliza kila tundu nachukua biti kubwa zaidi, ya milimita 8, naishika kwa vidole bila drili, naizungusha mara mbili tatu pande zote mbili kuondoa ukingo. Halafu msasa laini. Halafu mtihani wenyewe, nikachukua mtandio wa dada ule mwepesi kabisa nikaupitisha juu ya safu yote, ukinasa hata uzi mmoja narudia. Ulinasa mara mbili. Dada aliuliza mtandio wake unafanya nini kwenye nyumba ya nyoka na nikasema nyoka hajaingia bado, ambalo lilikuwa jibu la kweli lakini halikusaidia. Mwisho maji ya uvuguvugu na sabuni, kutoa vumbi lote la plastiki.

Je chuma cha moto ni kibaya? Hapana, nisimwonee. Hakipasui plastiki hata siku moja, na ukienda taratibu kinaacha ukingo wa mviringo unaoweza kuukata kwa kisu ukawa laini kuliko wa drili. Ubaya wake ni moshi, fanyia nje kabisa sio mlangoni, na kama ncha yake imeshatumika na risasi ya kuunganishia waya usiitie kwenye nyumba ya mnyama, nunua ncha mpya. Na kinatoboa haraka mno. Drili inakuchosha unasimama unafikiri, chuma cha moto kinakwambia twende.

Idadi sasa. Boksi la lita 15 hivi, nilianza na matundu 10 chini upande wa baridi na 14 juu upande wa joto, yote milimita 4, jumla yake sentimita za mraba 3 tu. Ukilinganisha na yale 39 ni kama si kitu. Bakuli la maji likahamia upande wa baridi. Nikaliacha siku tatu tupu, bakuli limejaa, kamkeka kanawaka, kipima unyevu ndani na kingine chumbani. Na vile vipimo vya bei rahisi msiviamini hivi hivi, chukua kizibo cha chupa, weka chumvi ya mezani, ilowanishe iwe kama uji mzito sio maji, ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mpaka kesho yake, kinatakiwa kisome asilimia 75. Chetu kilisoma 71, kwa hiyo kila namba kilichosoma nikawa naiongezea nne.

Siku ya tatu tukapata 46 upande wa joto na 53 upande wa baridi. Kuta kavu. Upande wa joto nyuzi 30, baridi 24. Nilikuwa na hamu ya kuongeza tundu moja moja nikajizuia, sababu tundu ambalo hujatoboa unaweza kulitoboa kesho.

Kwa ajili ya kujivua gamba hatukupandisha unyevu wa boksi zima, tuliweka kikopo kidogo chenye mlango mmoja pembeni, ndani kuna moss, ile mimea laini inayoshika maji kama sifongo, imeloweshwa na kukamuliwa. Anapotaka unyevu anaingia, asipotaka anatoka. Utando wa jichoni daktari aliutoa mwenyewe kwa maji na subira, na alituonya tusije tukauvuta kwa kibano, jicho linaweza kuharibika. Tumbo lilipona, yale magamba yamebaki na kovu la rangi ya chai.

Mwezi wa saba mambo yakabadilika tena na hili wengi wanalisahau. Kiangazi cha Minnesota kina unyevu, hita imezimwa, chumbani tukasoma 60, na boksi likaanza tena ule utando wa jasho asubuhi. Boksi lile lile, matundu yale yale. Nikaongeza 12, sita chini sita juu, na dogo akaandika kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya boksi tarehe na idadi. Barafu ikirudi tutayaziba yale 12 kwa tepu kutokea nje, kutokea ndani kamwe, maana nyoka akinasa kwenye gundi ya tepu kumbandua ni kazi ya kulia.

Kuna jamaa yangu Dar aliniambia hilo boksi atalitengeneza na yeye, kuna kanyoka kamemtokea shambani. Nilimwambia aache. Kwanza huyo wa shambani hajui ni nani, pili Tanzania kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, na Kenya hali ni hiyo hiyo. Huyu wetu alizaliwa kwenye mikono ya mfugaji. Jamaa akasema basi atatumia kanuni yangu kwenye boksi la vifaranga, na hapo nikamwambia sawa, ila vifaranga ni damu moto, hao pumzi wanaitaka kweli, hesabu zangu zisimdanganye.

Nyoka sasa ana sentimita zaidi ya 60 na hata boksi hili linamwishia, mnyama lazima aweze kujinyoosha, kwa hiyo mwaka huu anahamia kwenye kabati la mbao. Ngozi yake ya mwezi wa nane ilitoka nzima, na macho yake mawili, dogo ameibandika ukutani juu ya kitanda. Boksi la matundu mia mbili dada aligoma lisitupwe. Lipo jikoni, anawekea vitunguu, na havijawahi kuoza hata kimoja.